Boriti za Pwani Ndogo

Tangu nistaafu, vijana wa ofisi wamenijia mara mbili tatu kuniuliza kazi ya bwana afya ilikuwaje zamani, kabla ya pikipiki na majokofu ya chanjo. Niliwajibu kwa mdomo, lakini mdomo wangu unapenda kuruka mambo, basi nimekaa kitako niandike. Habari za vyeo nitaziacha. Kila nilipopandishwa cheo waliofurahi zaidi walikuwa shemeji zangu. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya mwaka ule wa katikati ya miaka ya hamsini ambapo bahari iliingia Pwani Ndogo.

Nilianza kazi Amu nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, msaidizi wa Bwana Lali. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, ambaye kanzu yake daima ilikuwa imepandishwa kidogo isiguse tope. Kazi yake ilikuwa maji: visima, mabirika ya majumbani, na majabia, yaani yale matangi makubwa ya kujengwa kwa mawe na chokaa ambayo hukusanya maji ya mvua. Silaha yetu kubwa ilikuwa upawa wa kifuu wenye mpini mrefu. Unauchovya birikani, unautoa polepole, unatazama kama mna viluwiluwi vya mbu. Wakiwamo, unatia visamaki vidogo ambavyo tulivichukua kwenye kopo. Nilitembea mitaa yote ya Amu na kopo la samaki mkononi, na kwa miezi mingi watoto waliniita Mvuvi.

Siku ya kwanza nilipiga hodi kwenye nyumba moja ya mtaa wa Mkomani na kusukuma mlango papo hapo. Bwana Lali alinishika kanzu kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia birika, Bwana Lali."

"Birika haliendi popote, Shee. Ngoja wanawake waingie ndani. Ukimkasirisha mwenye nyumba leo, maisha yako yote utalichungulia birika lake kupitia tundu la ufunguo."

Tulingoja. Tulipoingia tulikuta kahawa imeshatengwa. Nimewaona baadhi yenu wakiingia nyumba za watu kama polisi, kisha wakilalamika kwamba wananchi hawashirikiani.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuonja. Alinipeleka kisima baada ya kisima, nikanywa kidogo na kutema, mpaka nikaweza kumwambia nikiwa nimefumba macho kama maji yameanza kuingiwa na chumvi. Sasa mna vyombo vya kupimia, na mvitumie. Sisi tulikuwa na ulimi na tumbo, na tumbo ndilo lililolipia makosa ya ulimi.

Mara moja kila miezi michache tulikwenda visiwani kwa mashua, na huko ndiko nilikokijua kijiji cha Pwani Ndogo, kaskazini ya Pate. Zamani kijiji hicho kilikuwa juu kwenye mwinuko, karibu na gofu la msikiti wa kale. Hata jabia kubwa la wazee lilikuwa huko, limepasuka ufa mmoja na limeota majani. Lakini biashara ya boriti za mikoko ilipopamba moto, watu waliteremka wakajenga nyumba za udongo na makuti pale chini ufukweni, ili wawe karibu na kazi. Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakizitaka boriti hizo kwa ajili ya mapaa ya nyumba za kwao. Mikoko iliyokuwa mbele ya kijiji, kati ya nyumba na bahari, ndiyo iliyokuwa karibu, basi ndiyo iliyokatwa kwanza. Iliyonyooka ikawa boriti. Iliyopinda ikaingia kwenye matanuru ya kuchomea chokaa. Nilipofika mara ya kwanza palikuwa bado na ukanda wa miti. Nilipofika mara ya tatu palikuwa na visiki na tope tupu, na bahari ilionekana wazi ukiwa umekaa barazani.

Mwenye biashara aliitwa Bwana Twahiri, mtu wa Amu. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo mapema kwa sababu mtakayoyasoma mbele yanaweza kuwafanya mmdhanie vingine. Mwaka wa ukame ndiye aliyeilisha nusu ya kijiji. Bwana Lali alimkuta ufukweni siku moja akisimamia upangaji wa boriti. Zilikuwa zimepangwa mrundo mmoja mrefu, juu kuliko kichwa cha mtu, kando kabisa ya nyumba.

"Bwana Twahiri, miti hii ya mbele ungeiacha kidogo," alisema. "Bahari siku ikitaka kuja, haitakuwa na pa kuzuilika."

Twahiri alicheka kwa upole. "Bwana Lali, wewe ni wa mbu au wa miti?"

"Mimi ni wa maji."

"Basi nitazamie maji ya visima. Haya ya chumvi niachie mimi."

Wote tuliokuwa pale tulicheka, na Bwana Lali naye alicheka. Tulipokuwa tukirudi mashuani aligeuka mara mbili kuvitazama visiki.

Masika ya mwaka uliofuata, asubuhi moja, tulikuta notisi imebandikwa kwenye ubao wa gatini Amu. Simu ya upepo, yaani ya redio, ilikuwa imeletwa kutoka kusini: tufani kubwa iko baharini, vyombo vijihadhari. Notisi ilikuwa kwa Kiingereza. Wapagazi walikuwa wameiegemea. Bwana Lali aliisoma, akaenda kwa karani wa ofisi iliyoibandika, akauliza nani anaipeleka habari hiyo visiwani.

"Motaboti inamngojea mkubwa, ana safari yake," karani alisema. "Na notisi imeshabandikwa."

"Watu wa Pate wataisomaje kutoka huko?"

Karani alisema hilo si la ofisi yake. Alikuwa akisema kweli, na kwa bahati mbaya halikuwa la ofisi ya mtu yeyote. Bwana Lali alitoka nje akatazama anga. Palikuwa na joto zito lisilo la kawaida, na maji ya bandarini yalikuwa yakipanda na kushuka polepole bila upepo, kama kifua cha mtu aliyelala. Kisha alihesabu siku za mwezi kwa vidole. Kesho yake ilikuwa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu.

"Shee, chukua chupa ya dawa ya maji na nguo moja," aliniambia. "Tunakwenda Pwani Ndogo."

"Kukagua nini?"

"Tutakagua tukifika."

Alimshawishi nahodha mmoja wa mashua aliyekuwa akirudi kwao Pate atuchukue. Vijiji vingine vilikuwa juu ya miinuko au nyuma ya mikoko yao. Pwani Ndogo ndiyo iliyokuwa wazi, na nahodha aliahidi kupitisha neno kwingine. Alitimiza ahadi hiyo. Tulifika alasiri. Bwana Lali alikwenda moja kwa moja msikitini, akamwambia khatibu, na baada ya sala watu walikusanyika nje.

Msifikiri walimpuuza kwa ujinga. Wengi walikuwa mabaharia. Lakini hakuna aliyekuwa amepata kuona tufani ikifika pwani yetu, na kuhama na watoto na mbuzi na magunia kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa Amu si jambo dogo. Mmoja aliuliza kama serikali itawapa mahema. Mwingine alisema kama ni kufa, mtu hufa popote. Wakati maneno hayo yakiendelea, mwanamke mmoja alipita kando ya mkutano, godoro kichwani, watoto watatu nyuma yake, akielekea mlimani. Huyo alikuwa Bi Mwanaesha, mjane aliyekuwa akisuka makuti na kuuza.

"Unakwenda wapi, Bi Mwanaesha?" mtu mmoja alimwuliza.

"Juu," alisema bila kusimama. "Bwana Lali hakuvuka bahari kuja kututania. Kama hapana kitu, kesho nitashuka na nyinyi mtanicheka. Nimeshachekwa kwa madogo kuliko hayo."

Nimehudhuria semina nyingi za kuhamasisha umma tangu siku ile, na sijaona mhamasishaji aliyemfikia yule. Jirani yake alimfuata, kisha dada wa jirani, na kabla ya magharibi njia ya mlimani ilikuwa imejaa. Walibaki chini watu wachache. Mmoja wao alikuwa Athumani, kaka yake Bi Mwanaesha, mlinzi wa boriti za Bwana Twahiri. Dada yake alirudi kumchukua, nami nilikuwa naye.

"Boriti haziibiwi na upepo, Athumani. Twende."

"Nimepewa amana," alisema. "Jahazi linakuja kupakia. Nikiziacha zikatawanyika, nitamwambia nini mwenyewe?"

"Utamwambia bahari ilikuja."

Athumani alimtolea dada yake kanga iliyokuwa imeanikwa uani, akamwambia awahi watoto. Alikuwa mtu wa kuaminika sana. Ndivyo kila mtu alivyomsifu, kabla na baada.

Upepo ulianza alfajiri, na asubuhi, bamvua ilipojaa, bahari iliingia. Sisi tulikuwa tumejibanza nyuma ya ukuta wa gofu la msikiti. Mvua ilikuwa ikija ubavuni, kali kama mchanga wa kutupwa. Kati ya mapigo ya mvua tuliiona: halikuwa wimbi moja refu kama mnavyoona kwenye picha, bali bahari nzima iliyoinuka na kutembea juu ya lile tope la visiki kana kwamba hapakuwahi kuwa na pwani. Nyumba huenda zingestahimili maji peke yake, kwa muda kidogo. Kilichozivunja ni boriti. Mrundo wote uliinuliwa, ukafumuka, na yale magogo mamia kwa mamia yakawa yanakwenda mbele na maji na kurudi nyuma na maji, yakigonga kuta, yakiingia upande huu na kutokea upande wa pili. Tulisikia mgongano wao juu ya kelele ya upepo. Bi Mwanaesha alikuwa kando yangu. Aliutazama mrundo mpaka haukuwapo tena, kisha akawageuza watoto wake nyuso zao zikawa ukutani.

Kati ya wale waliokuwa wamebaki chini, wawili waliokolewa juu ya mnazi. Wengine walikufa. Athumani hatukumpata.

Maji yaliporudi, hapakuwa na kijiji. Palikuwa na tope, makuti, sufuria, na boriti zimelala kila mahali kama zilizomwagwa kutoka kapuni. Bwana Lali alishuka, akaenda kisimani, akateka, akaonja. Alinipa nami nionje. Ilikuwa bahari. Visima vyote vya chini vilikuwa hivyo, na ndani ya viwili mlikuwa na mbuzi waliokufa.

Vijana wangu, tufani huua kwa asubuhi moja. Maji mabaya yana subira. Watu mia kadhaa walikuwa juu ya mwinuko bila tone la kunywa isipokuwa lililokuwamo ndani ya jabia la kale. Mvua ya tufani ilikuwa imelijaza, lakini lilikuwa likivuja penye ufa, na watoto walikuwa wameshaanza kulikojolea ukingoni. Bwana Lali hakupiga kelele. Alimwita Bi Mwanaesha, ambaye kaka yake alikuwa bado hajasaliwa.

"Bi, najua ulivyo leo. Lakini nahitaji mtu ambaye watu watamtii."

"Nipe kazi," alisema. "Nikikaa nitaanza kufikiri."

Wanawake waliuziba ule ufa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na makumbi ya nazi. Nilitia dawa. Kisha Bi Mwanaesha alikaa juu ya ukingo na upawa wetu mkononi, na tangu hapo hakuna aliyegusa maji isipokuwa kwa mkono wake. Kila nyumba ilipata kadiri ya watu wake. Mwanawe mdogo alikuja kuomba cha ziada, akamrudisha. Wapagazi wa Bwana Twahiri, watu wa miraba minne, walikuja na debe, wakasema wao hufanya kazi nzito zaidi.

"Kazi gani?" aliwauliza. "Boriti zimeshajipakia zenyewe."

Waliondoka na kadiri yao.

Kuharisha kulianza hata hivyo, kwa sababu wengine walikuwa wameshakunywa chini. Hatukuwa na daktari wala chupa za maji ya mshipa. Tulichokuwa nacho ni minazi. Tufani ilikuwa imeangusha madafu kila mahali, na Bwana Lali aliamuru yakusanywe yote, wasipewe ila wagonjwa. Tulikuwa tukiwanywesha maji ya dafu na maji ya mchele yenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, mchana kutwa. Nilimwona Bwana Lali amempakata bibi kizee asiye na jamaa, akimnywesha na kumwimbia kasida kwa sauti mbaya kabisa. Bibi alimwomba anyamaze, na hapo ndipo tulipojua atapona. Mtoto mmoja tulimpoteza. Wengine wote walinyanyuka. Mimi baadaye nimesoma vyuoni kwa nini ilifanikiwa. Yeye alisema tu kwamba aliyetokwa na maji apewe maji.

Motaboti ilifika na dresa wa hospitali na blanketi, na nyuma yake mashua ya Bwana Twahiri yenye mchele. Alipoteremka, watu walimpisha njia. Alikwenda mpaka alipokuwa Bi Mwanaesha.

"Nimesikia habari za Athumani," alisema.

"Alikuwa akilinda mali yako."

"Sikumwambia alinde mpaka afe."

"Hukumwambia, Bwana Twahiri. Ila pia hukuwahi kumwambia kwamba anaweza kuziacha."

Nilidhani atajitetea. Alikaa chini, pale pale topeni, na kanzu yake nyeupe, akashika kichwa. Bi Mwanaesha alimtekea maji akampa, kadiri ile ile.

Kilichobaki kilikuwa swali la wapi kijiji kijengwe. Wengi walitaka kurudi chini. Walisema tufani ni kadari, imekuja, imepita, na wajukuu wao hawataiona nyingine. Bwana Lali alinikataza kubishana nao. Alisema sisi ni wageni, tena wa serikali. Lakini siku ya Alhamisi alikwenda kuzungumza na khatibu, wakakaa muda mrefu.

Ijumaa tulisali ndani ya msikiti wa chini, uliokuwa wa mawe na ambao ulisimama ingawa mlango wake uling'olewa. Khatibu alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, na watu walisogea mbele ili wamsikie. Alisoma, akawaombea maiti. Kisha akainua mkono akaonyesha dari.

"Boriti hizi zilizo juu ya vitwa vyetu zilitoka pale mbele," alisema. "Mimi ndimi niliyeziomba, nikashukuru nilipopewa. Kila mmoja wetu alipata chake katika miti ile. Tusimtwishe mtu mmoja." Akaushusha mkono. "Upepo ni wa Mungu, hapana shaka. Lakini mai yalipita ndia, na ndia ile tuliifungua sisi kwa mashoka yetu. Mola hatuulizi juu ya upepo wake. Atatuuliza juu ya mashoka."

Huko kwao vichwa ni vitwa, njia ni ndia na maji ni mai. Hata sasa nikiyakumbuka maneno hayo huyakumbuka kwa lafudhi yake. Baada ya sala nilimwona Bwana Twahiri akizunguka na fimbo kule juu kwenye mwinuko, akipima nafasi za nyumba pamoja na wale waliotaka kurudi chini.

Kijiji kilijengwa juu. Zile boriti zilizotapakaa ndizo zilizojengea, na Bwana Twahiri hakudai hata moja. Alileta pia chokaa na mafundi wa Matondoni, waliozoea kuziba mashua, wakalitengeneza jabia mpaka likawa halitoki hata jasho. Wanawake, kwa uongozi wa Bi Mwanaesha, walikuwa wakishuka maji yakipwa na kuzichomeka topeni mbegu ndefu za mikoko, safu baada ya safu. Nyingi zilikufa. Waliporudi walichomeka nyingine. Bwana Lali, ambaye hakuwa wa miti, alikuwa akipanga safari zetu za ukaguzi ziangukie siku hizo, akapandisha kanzu na kuinama pamoja nao. Mimi niliinama kwa sababu yeye aliinama. Mgongo wangu haujasahau.

Miaka michache baadaye, kabla muongo ule haujaisha, kusi ilivuma vibaya pamoja na bamvua. Haikuwa tufani ile, lakini Amu maji yalipanda gatini na kuingia madukani. Bwana Lali hakulala vizuri siku zile. Tulikuwa ofisini asubuhi alipoingia mtu wa Pwani Ndogo aliyekuja na mashua, akasema ametumwa na Bi Mwanaesha.

"Kasema nini?" Bwana Lali aliuliza, na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza.

"Kasema: mwambie Bwana Lali bahari ilikuja ikatutafuta pale chini, ikakuta miti, ikarudi kwao."

Bwana Lali alisema alhamdulillahi. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kwa muda mrefu kama mtu aliyesahau kitu humo, kisha akaivaa tena. Halafu akatoka, akasimama kwenye mlango wa ofisi, mgongo wake kwetu, na yule mjumbe akaniuliza kwa ishara kama amesema jambo baya. Nilimwambia la, nikampa kiti, nikaenda kumtafutia kahawa.